Kifua cha Sponji

Katika nyumba ile watu hawakubishana sana, kwa sababu Kaka hakuwa na subira ya maneno. Mkono wake ulitangulia mdomo. Tangu wazazi wafariki, yeye ndiye aliyeilisha nyumba kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma, na yeye ndiye aliyewatwanga waliomo. Dada, fundi viatu, alikuwa na kidole kisichonyooka tangu siku Kaka alipokibana kwa mlango, tena makusudi. Mdogo wao wa mwisho, mwanamume mzima mwenye ndevu ila mwembamba hadi wakamwita Kijiti, alishang'olewa jino kwa ngumi. Kosa lake? Kumaliza maji ya moto bafuni. Maji ya moto, jamani!

Kwa hiyo Kijiti aliposema amepewa nafasi ya jemadari katika mchezo wa jukwaani, Jumamosi, na kwamba kila mchezaji ajitafutie vazi lake, Dada alifurahi kuliko yeye. Alitaka walau mara moja watu wamtazame mdogo wake kwa hofu.

"Nitakuvalisha chuma," akamwambia. "Cha sponji, lakini wewe tulia, utaona."

Alinunua yale mazulia ya sponji ngumu ya kuchezea watoto, akayakata kwa kisu chake cha ngozi juu ya meza ya kulia chakula. Kila kipande alikipasha juu ya jiko mpaka kikalegea, akakikandamiza kwenye tumbo la sufuria kubwa, kikapoa kimejipinda kama kifua cha mtu. Akapaka gundi ya viatu pande zote mbili, akangoja ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo akabandika. Ikishashika hiyo, haibanduki. Kijiti alishindwa kungoja, akabandika bega moja gundi ikiwa mbichi, likamng'okea mkononi.

"Haraka ya nini, bwana? Unaolewa?" Dada akamcheka.

Kazi ilimnogea. Alipaka rangi nyeusi, akasugua vumbi la fedha kwa kitambaa. Vifungo vya koti vikawa misumari. Kisha akafanya jambo moja la utundu: penye maungio alikamua gundi nzito, tone juu ya tone, akaiga mshono wa kuchomelea. Si mshono wa mtu yeyote, ni wa Kaka, ule anaoulaza kidogo kushoto. Alikuwa akiuona kwenye kila dirisha la nyumba yao tangu usichana wake.

Kaka aliingia mchana akitokea karakana, nyundo kubwa ingali mkononi. Pleti nzima ya chuma ilikuwa imepotea asubuhi hiyo, na njia nzima alikuwa akitafuta wa kumpasulia hasira. Akamkuta Kijiti amesimama katikati ya sebule, amevaa vazi lote kuanzia shingoni hadi magotini, Dada akimfunga mikanda.

Kaka alisogea. Hakugusa. Alikodoa macho kwenye lile ungio la kifuani.

"Huu mshono wangu," akasema. "Pleti yangu hii! Mwizi wewe, umeniibia na kazi yangu juu!"

Hapo ndipo Dada alipotakiwa kusema. Neno moja tu, sponji, na mambo yangeishia kwenye makofi mawili matatu waliyokwisha kuyazoea. Lakini sifa zilishampanda kichwani. Fundi chuma mzima kadanganywa na gundi ya viatu! Aliuma mdomo asicheke. Alitaka kuionja raha ile kidogo, kidogo tu, halafu aseme.

Kijiti naye akainua kidevu. Labda vazi lilimlevya. Maisha yake yote hakuwahi kumjibu Kaka.

"Nimeichukua, ndiyo," akasema. "Utanifanya nini? Nipige basi, uumie mwenyewe."

"Nikupige wewe wa nini?" Kaka akasema, na sauti yake ilishuka, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nakibonyeza hicho kifua. Tuone Jumamosi utavaa nini."

Pleti nene aliijua. Ukiigonga kwa haya haikunjiki. Akashika mpini kwa mikono miwili, akajipinda kiuno na kupiga pigo la kukunja chuma.

"Kaka, ni sponji!" Dada alipiga kelele, na nyundo ilikuwa imeshafika.

Pu. Kama mtu anayekung'uta godoro. Kisha ikasikika mifupa. Kijiti alirushwa ukutani, akateleza chini akiwa ameketi, mdomo wazi.

Kaka alibaki ameishika nyundo, mikono yake ikingoja chuma kiirudishe. "Mbona laini?" akauliza. "Mbona laini hivi?"

Dada alichukua kalibu ya mbao ya viatu akampiga nayo usoni. Akampiga tena. Damu ilimtoka Kaka puani ikamchuruzika shingoni, na hakuinua hata mkono. Dada akaitupa kalibu, akaenda kukata mikanda na maungio kwa kisu, akiilaani gundi yake kwa jinsi ilivyoshika. Kifua cha sponji kilikuwa kimesharudi kama alivyokiumba, mviringo mzuri, hakina hata bonde. Akakivua. Kifua cha mdogo wake hakikuwa kimerudi.

"Dada," Kijiti akanong'ona, povu jekundu midomoni. "Ameogopa?"

Dada akageuka kumtazama. Kaka alikuwa amepiga magoti, meno yakigongana.

"Ameogopa, mdogo wangu. Anatetemeka."

Kijiti alitaka kucheka, ila pumzi haikumtosha.

Kaka ndiye aliyembeba. Alimnyakua kama mtoto, akatoka mbio barabarani kuelekea hospitali, watu wakiwapisha, Dada nyuma yao pekupeku, mikono imemjaa gundi na damu. Njia nzima Kaka alikuwa akimfokea, kwa sauti ileile ya kila siku iliyokuwa ikitikisa nyumba: "Pumua! Nimesema pumua, mjinga wewe! Hunisikii?"

Sauti hiyo Kijiti alikuwa akiitii tangu alipojua kutembea. Walipofika getini hakuwa akiitii tena, na Kaka aliendelea kumwamrisha.