Spana Isiyohesabu

Ndani ya nyumba ya pampu maji hayaonekani, ila mwanga wake huonekana. Hupanda kutoka kwenye shimo la chini, hugonga dari, na kutwa nzima hutembea huko juu kama kitambaa cheupe kinachoanikwa na mtu asiyechoka. Kwa miaka thelathini na mmoja Darubini alikuwa amefanya kazi chini ya kitambaa hicho. Siku hizi alikiona kipande tu. Mwanzo kilikuwa cha ukubwa wa sahani, kisha kisosi, na mwaka huu kilikuwa kimebaki kifungo cha shati.

Jina la Darubini alipewa ujanani, alipokuwa akisimama mwanzo wa mtaa na kuonyesha kwa kidole bomba linalovuja mwisho wa mtaa, wenzake hawajaona hata unyevu. Sasa jina lilikuwa limemrudia kwa mlango wa nyuma. Aliitazama dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe lilizidi kuwa jembamba: inchi mbili, inchi moja, nusu. Daktari wa macho, ambaye alimwendea kwa siri baada ya kuaga nyumbani kwamba anakwenda kutafuta gasketi ya pampu, alimwambia kuwa ni presha ya jicho, imeua mshipa, na kilichokwenda hakirudi. Yapo matone tu ya kulinda kilichobaki. Darubini alicheka palepale kitini. Mtu amechunga presha ya mji mzima, asiijue iliyomo kichwani mwake. Mganga hajigangi, ati. Chupa ya matone akaificha ndani ya kopo tupu la grisi, uvunguni mwa kitanda.

Siri ilikaa salama kwa sababu kazi yake ilikuwa ya mikono. Pampu tatu na vali kumi na mbili alizijua kwa viganja kama mama ajuavyo vichwa vya wanawe. Kilichomsaliti ni spana.

Nati za pale hazikuwa za ukoo mmoja. Kila fundi aliyepita aliacha zake, hizi za inchi, hizi za milimita, nyingine zimeliwa na kutu hata hazina tena kipimo cha kutajika. Spana za namba zilining'inia ukutani kama mapambo. Kazi yote ilifanywa na spana malaya, ile yenye taya moja imara na taya moja ya kutembea, ambayo mafundi waliibandika jina hilo kwa kuwa haikatai nati yoyote. Na tabia inayo: ukiivuta mara mbili tatu, kile kijiskrubu cha kuzungushwa kwa dole gumba hurudi nyuma kidogo, taya ikalegea unywele mmoja, na nati ikaachwa njiani. Mwenye macho huuona huo unywele akakaza. Darubini hakuuona. Wiki iliyopita spana ilichomoka kwenye vali namba saba, ikala kona mbili za nati na ngozi ya vidole vyake vitatu, huku injinia mpya amesimama nyuma yake.

Injinia alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake wa mwisho, mwenye sauti ya taratibu. Hakufoka. Alimpa kitambaa cha kufunga vidole, kisha akasema kwamba Alhamisi asubuhi wangeifungua namba saba pamoja, yeye atatazama tu, wala si mtihani, mzee wangu. Darubini alijua mtihani unavyonukia. Alijua pia kwamba getini kuna kiti cha plastiki na daftari la wageni, na kwamba fundi wa mwisho kukalishwa pale hakuinuka ila kwa kustaafu. Kukaa getini, usikie pampu zako zikiguswa na mikono ya wengine. Na daftari lenyewe angeliandikaje?

Jumanne jioni, jua lingali juu ya mapaa, alipitia karakana ya shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa kiume wa mkewe, mkerezaji wa vyuma, na mtaa mzima ulimwita Cheche kwa zile zilizorukaruka mashineni mwake. Baina yao palikuwa na utani wa miaka mingi, na utani una faida yake: hupitisha maneno ambayo mlango wa heshima ungeyazuia.

"Spana yangu inaumwa," alisema Darubini.

Cheche aliipokea akaichezesha taya. "Inaumwa wapi?"

"Inalegea."

"Zote zinalegea, shemeji, tangu enzi za babu zetu. Wewe ulikuwa unaikaza." Akaiweka kando. "Hebu niambie, leo nimevaa nini?"

"Ovaroli."

"Rangi gani?"

Darubini akasema bluu, maana ovaroli ni bluu.

"Nimevaa gauni la njano. Na umenikanyaga mara mbili tangu uingie."

Hapakuwa na pa kujificha. Akamweleza yote, gasketi na daktari na Alhamisi. Cheche hakumwonea huruma, na kwa hilo Darubini alimshukuru kimoyomoyo. Aliuliza kama dada yake anajua. Hajui, alijibiwa, naye akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Kisha akavaa miwani yake ya kazi.

Wazo lake lilikuwa kwamba kama mtu haioni spana, basi spana na iseme. Akakizungushia kile kijiskrubu vishimo vidogo, na chini yake akapachika gololi ya chuma inayosukumwa na springi ya kalamu. Kila taya ilipotembea milimita moja, spana ililia *tik*. Darubini alikaa kizingitini na beseni la nati mapajani, akipima na kutaja. Kumi na tisa. Sawa. Ishirini na mbili. Sawa, na usijivune. Alipotembea kwenda nyumbani vidole vyake viliendelea kuhesabu, na dunia nzima ikawa na namba: ukingo wa kikombe, kitasa cha mlango, kifundo cha mkono wa mkewe kilichopita mbele yake na chumvi. Aliisikia *tik* hiyo ikidondoka ndani yake polepole, kama bomba lisilofungwa vizuri katika nyumba ya mbali, na kwa mara ya kwanza mwaka huo hakuogopa.

Jumatano akaenda nayo kazini. Kwenye vali ya nne alihesabu mpaka kumi na nane, ikakataa kuingia. Akafika kumi na tisa, ikapwaya. Nati ilikuwa imekaa katikati ya tiki mbili, na gololi haikutaka kulala katikati. Kila alipoiweka ilirukia shimo lake. Vali ya kumi, vilevile. Namba saba aliigusa tu kwa kidole, kona zake zilizoliwa, akajua.

Akaketi juu ya pampu ya pili, iliyokuwa ikivuma chini yake kama paka mkubwa. Kitambaa cha mwanga kilikwenda na kurudi darini. Mazoezi yote walifanya na nati mpya za beseni la Cheche, zilizotoka kiwanda kimoja, ndugu kwa ndugu. Mafundi wawili, miaka zaidi ya hamsini ya chuma wakiijumlisha, walikuwa wameifundisha spana kusalimiana na watu ambao haitakutana nao kamwe.

Mkewe alikuwa akimsubiri nje ya geti, kama alivyozoea tangu mwaka uliopita. Sababu hazikumwishia: leo mboga, kesho kunyoosha miguu, keshokutwa goti ambalo eti daktari kasema litembezwe. Akampitishia mkono chini ya kiwiko, wakaondoka. Walipita kwa fundi saa, wakapita dukani kwa muuza rangi, ambako makopo yaliyofunguliwa yalifika machoni mwa Darubini moja moja, nyekundu, kisha kijani, kama matone ya ndoto. Wakafika ukingo wa barabara.

Hapo mkono wa mkewe ukakaza. Ulikaza kabla hajajua kwamba kuna ukingo. Akateleza kidogo, kadiri alivyovutwa na mwili wake kwenda chini ndivyo vidole vile vilivyomng'ang'ania. Aliposimama sawa vikalegea vyenyewe, lakini havikuondoka. Jambo hili lilitokea kila jioni, ila jioni hii mikono ya Darubini ilikuwa imeshinda ikifikiria habari za kushika, ndiyo maana alilisikia. Mke hakujua kiwiko cha mumewe kina milimita ngapi. Alikifuata tu mpaka kilipo.

Akasimama katikati ya barabara. Baiskeli ikapiga kengele, ikawazunguka.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Tangu ulipoanza kutafuta gasketi kwa daktari wa macho."

"Na goti?"

"Goti langu zima kuliko lako. Tuvuke, tutagongwa." Walipofika ng'ambo aliongeza kwamba ile chupa aitoe kwenye kopo la grisi, ataiweka kabatini, na matone atamtia yeye, kwa kuwa mwenyewe anayamwagia mashavu.

Darubini alimgeuza, wakarudi njia waliyotoka, hadi karakanani. Cheche alipowaona wote wawili aliweka tupa chini bila kuuliza. Darubini akauweka mkono wa mkewe juu ya mkono wa shemeji, akamwambia ashike kama anavyomshika yeye, kisha akamwambia Cheche avute. Cheche akavuta. Akavuta tena.

"Haihesabu," alisema Darubini. "Inafika, inashika. Ukiivuta inazidi."

Cheche aliutazama mkono wa dada yake, ulioendelea kumshika. Halafu akachukua chaki, akapiga magoti akachora sakafuni. Kijiskrubu kitoke kabisa. Taya itembee yenyewe kwenye njia yake, springi ikiisukuma nyuma, iifuate nati hata iwe imeliwa namna gani. Na mgongoni mwa taya pachongwe mteremko, ili mpini unapovutwa taya ibanwe kama kabari. Ukitaka iachie, unairudisha kwa dole gumba. Alichora akafuta, akachora tena, na mwanga wa jioni uliingia mlangoni ukalala juu ya mistari ile mpaka ikaonekana kama inatembea.

Shida ilikuwa mteremko. Wa kwanza ulikuwa mkali mno, taya ikarudi nyuma ilipovutwa. Wa pili ulikuwa mdogo mno: spana ilikamata bolti ya jiriwa ikagoma kuiachia, wakaigonga kwa nyundo ndipo ikabanduka.

"Hii sasa si mapenzi," alisema mke wa Darubini kutoka kwenye kibao alichokalia. "Huu ni wivu."

Wa tatu Cheche aliupiga tupa alfajiri ya Alhamisi, na jua lilipogusa kizingiti alimletea shemeji yake nyumbani, chuma kingali na joto la mikono. Darubini akaishika nati ya kitasa cha mlango. Taya ikaifuata, ikashika. Akasukuma kwa dole gumba, ikaachia.

"Mheshimu," alisema Cheche. "Huyu si malaya tena. Huyu ameolewa."

Injinia alikuwa tayari shimoni Darubini alipoteremka ngazi, akihesabu vipandio kwa visigino. Darubini aliipapasa namba saba, akaipeleka spana kwenye ile nati mbovu yenye kona nne zilizo hai na mbili zilizokufa. Springi ikanong'ona. Akavuta. Taya ikauma. Akavuta tena, na tena, wala hakusimama kukaza kitu, na mara ya tano nati ikalia ule mlio mzito wa kitu kilichokubali. Maji yakaanza kusogea ndani ya bomba la ukutani. Darini kitambaa cheupe kikatikisika chote, hata kile kifungo chake kikacheza.

Kiti cha getini kilikuwa kimeshindwa. Alijua. Angeweza kupanda ngazi sasa hivi.

Injinia akaomba spana. Aliigeuza sana, akauliza nani kaitengeneza, akaambiwa shemeji yangu, mkerezaji. Kisha akauliza swali la fundi hasa: kwa nini wametoa kijiskrubu? Mwenye macho hana shida nacho, anakitazama tu akakaza. Nani angehangaika kiasi hiki?

Darubini alikuwa na majibu matatu ya uongo, yote mazuri. Lakini kila jibu liliifanya spana ile kuwa mchezo, kichekesho cha watu wawili waliokosa kazi. Na haikuwa mchezo. Ilikuwa kitu bora kuliko vyote alivyowahi kutia mkono. Kuisifu bila kusema ukweli ilikuwa kama kumsifu mtoto huku unamkana mama yake.

"Kwa sababu sioni," alisema. "Kijiskrubu kinataka macho. Mimi nimebakiwa na tundu kama hili." Akamwonyesha kwa vidole viwili.

Pampu zilivuma. Darubini alisikia viatu vya injinia vikihama, vikaelekea vali ya nane, kisha kimya, kisha springi ikinong'ona. Akavuta mara moja. Mara mbili.

"Nimefumba macho," alisema injinia kutoka kule, sauti yake ikiwa kama ya mtu anayekaribia usingizi. "Imeshika."

Alipofumbua alisema geji za presha atazisoma yeye, au atatafuta wa kuzisoma, na ngazi itafungwa kamba ya kushikia. Daktari ataandikiwa barua. Hilo hawezi kulificha, wala mzee asimwombe. Lakini nati hizi, mzee wangu, hakuna mwingine anayezijua kwao. Na shemeji atengeneze nyingine mbili.

Jioni Darubini alipotoka, kiti cha plastiki cha getini kilikuwa na mtu. Mkewe alikuwa amekikalia, akipunga upepo kwa daftari la wageni.

"Wamekuhamishia hapa?" aliuliza Darubini.

"Nimekijaribu. Kinabana." Akainuka. "Umesema?"

"Nimesema."

Wakashika njia, kwa fundi saa, kwa muuza rangi, nyekundu, kisha kijani. Na ukingo wa barabara ulipokuwa bado uko mbali, Darubini akakitoa kiwiko chake mwenyewe, akakiacha wazi hewani, mpaka kikafuatwa.