Karani wa Ndani ya Kompyuta

Papa Liévin alikuwa mkuu wa wafanyakazi serikalini miaka thelathini na mmoja, na alisifika kwa jambo moja: kunyata. Alivaa viatu vya mpira makusudi, akatokea nyuma ya karani aliyesinzia kabla hajadiriki kushika kalamu. Basi kompyuta yake ya nyumbani, ile ya zamani aliyoinunua mtaa wa Makiso ikiwa imeshachoka, ilipoanza vituko, aliona kesi hiyo ni ya kwake.

Kila alipomaliza kuandika na kwenda kujinyoosha kochini, baada ya dakika chache kitaa cha mbele kilianza kupepesa, na tumboni mwa mashine diski ikalia kru-kru-kru, kama panya kwenye gunia la mahindi. Akigusa kipanya, kimya. Akirudi kochini, kru-kru-kru.

"Mama," alimwambia mke wake, Wivine, "hii machine inafanya kazi wakati niko natoka, inaacha wakati niko nafika. Sijaona mutu wa namna hii."

"Izime, basi, tulale."

"Bila kujua sababu?"

Kesho yake alitambaa kwa magoti kutoka mlango wa jikoni, akajibanza nyuma ya kiti, akaibuka ghafla na kushika kipanya. Kimya. Alichomoa printa, haikusaidia. Alitoa CD ya kwaya iliyosahaulika ndani, wapi. Aliendesha dawa ya virusi, nayo ikakwaruza kutwa nzima kupita ugonjwa wenyewe, isipate kitu. Mwishowe aliandika kwa mkono demande d'explication, barua ya kumtaka mfanyakazi ajieleze, yenye maswali mawili, akaibandika kwenye kioo cha kompyuta.

Wivine aliisoma. "Unaipa siku ngapi ya kujibu?"

"Mbili. Ni sheria."

Hapo Wivine akamwita Delphine, jirani yao, ambaye kazi yake ni kuwachapia watu barua mjini. Delphine aliisoma ile barua hadi kwenye sahihi, akaibandua taratibu asiichane, kisha akafungua dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi. Wote watatu wakakaa mikono mapajani, wasiguse kitu. Kitaa kikaanza kupepesa. Jina moja likapanda juu ya orodha.

"Iko huyu, tonton," Delphine alimwambia Papa Liévin. "Anapitia mafaili yote, moja moja, anaandika kila kitu kiko wapi, ili siku ukitafuta barua uipate mara moja. Lakini hataki kukusumbua. Anangoja uache kuandika."

"Nani alimutuma?"

"Hakuna. Anajituma."

Papa Liévin alivua miwani. Aliwakumbuka makarani waliopoteza faili moja miezi minane, kisha wakaomba likizo ya kupumzika baada ya kuitafuta. Na huyu hapa, bila amri, bila posho, anapanga nyaraka na kunyamaza kwa heshima chef, mkubwa wake, akiingia.

"Nimuzime?" aliuliza Delphine.

"Ngoja kwanza."

"Papa," Wivine alisema kwa sauti ya chini.

Lakini Papa Liévin alikwisha kuichana ile barua na kuchukua karatasi mpya. Juu yake aliandika pongezi: Félicitations.

Wivine alichotaka ni usingizi tu. Alimwomba Delphine ashike upande wa pili wa meza, wakaibeba, kompyuta ikiwa juu yake, mpaka stoo, kando ya magunia ya mchele, wakaichomeka huko na kufunga mlango.

"Bon," alisema Papa Liévin akijilaza. "Amepata bureau yake, ofisi ya peke yake."

Siku hizi akitaka kuandika, hubisha hodi kwanza.