Watunza Nywila Watatu Kwenye Benchi la Zahanati

Siku ya Jumatatu, tarehe tisa Machi, mwaka elfu mbili na ishirini na sita, watunza nywila watatu waliketi kwenye benchi la zahanati, kati ya mwanamke mwenye jino bovu na mzee aliyekuja kubadilishiwa bandeji ya mguu. Walikuwa wamepewa namba kama watu wengine: kumi na nne, kumi na tano na kumi na sita. Mzee wa bandeji aliwauliza wanaumwa nini. Walipomjibu kwamba hawaumwi, wamekuja kuomba kazi ya kutunza nywila za kompyuta za masjala, aliwaambia basi wasogee kidogo, mguu wake unahitaji nafasi.

Aliyepewa jukumu la kuchagua alikuwa karani wa masjala, ambaye zahanati nzima ilimwita Mama Kidole. Alijifunza kusoma akiwa na umri wa miaka arobaini na moja, katika darasa la watu wazima, na hadi leo husoma kwa kutembeza kidole chini ya mstari. Haruki neno, kwa sababu kila neno alilipata kwa jasho lake.

"Mama Kidole, hilo gazeti la mwaka juzi utalimaliza lini?" Sista, muuguzi wa zamu ya mchana, alimtania.

"Nipo kwenye hali ya hewa. Inaelekea mvua itanyesha."

Kidole hicho ndicho kilichomfanya apewe kazi hii. Mtunza nywila wa zamani, babu mpole mwenye koti la kaki, alikuwa ametumika miaka mitatu bila lawama. Mwezi wa pili tangazo lilitokea kwenye kompyuta zote: sasisho liko tayari, je, unakubali? Wafanyakazi kumi walibonyeza kukubali kabla chai haijapoa. Babu akatoka kwa mlango wa nyuma, akarudi baada ya robo saa na koti lile lile na kikohozi kile kile, ila kovu lililokuwa kwenye mkono wa kushoto lilikuwa limehamia wa kulia. Hakuna aliyeuliza. Mama Kidole peke yake alikuwa bado anasoma tangazo. Siku ya pili yake alifika aya ya kumi na saba, iliyoeleza kwamba nyumba alikoundwa babu imechukuliwa na wamiliki wapya, nao wana ruhusa ya kuketi kando yake na kumsikiliza anapoota. Kufikia hapo, ugonjwa wa mwanamke muuza mikate ulikuwa umejulikana mtaa mzima, na mikate yake ilikuwa ikirudi nyumbani kama ilivyotoka. Lawama zote zikamwangukia babu. Aliondolewa, akakabidhi koti bila ubishi.

Faili lililomnyima Mama Kidole utulivu lilikuwa la mdogo wake. Mdogo wake alikuwa na kifafa. Dawa zilikuwa zimemtuliza, na mwaka wa nne ulikuwa unakatika bila kuanguka. Mumewe alijua. Aliyekuwa hajui ni mama mkwe waliyeishi naye nyumba moja, ambaye pia alikuwa shangazi wa daktari mkuu wa zahanati. Siku atakayojua, hatamruhusu tena mkamwana kumbeba mtoto wake wa miezi minane.

"Dada, limefungwa?" mdogo wake aliuliza kila alipokuja kuchukua dawa, mtoto akiwa mgongoni.

"Nitalifunga."

"Usiniambie utalifunga. Niambie limefungwa."

Kwa hiyo Mama Kidole alichonga penseli mbili, akaita namba kumi na nne.

Aliingia kijana nadhifu mwenye nishani tatu kifuani.

"Nani amekuunda?" Mama Kidole aliuliza.

"Wataalamu, mama yangu."

"Wataalamu hao wana majina, au ndivyo walivyoitwa tangu kuzaliwa?"

"Wataalamu wa hali ya juu. Ondoa wasiwasi, mama, kila kitu kiko..."

Hapo sasisho likamkuta. Mdomo ulibaki wazi, macho yakawa ya kijivu, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye paji la uso wake kutoka sikio la kushoto kuelekea la kulia. Mama Kidole alisubiri. Mwanamke wa jino alichungulia mlangoni, akaona foleni haijasogea, akarudi benchini. Mstari ulipofika mwisho, kijana aliamkia upya kana kwamba hawajawahi kuonana, na chini ya ukosi wa shati lake palikuwa na sikio la tatu.

"Hilo sikio ni la nani?"

"Ni maboresho, mama."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza ni la nani."

"Maboresho madogo na marekebisho ya hitilafu," kijana alisema, na lile sikio likageuka taratibu upande wa Mama Kidole ili limsikie vizuri zaidi.

Alimshukuru, akaandika jambo hilo, akaita namba kumi na tano.

Huyu alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, aliyevaa gauni lisilo na mfuko hata mmoja. Hakutabasamu. Mama Kidole alipoomba kuona ndani, mwanamke alifungua kifua chake kama mtu anavyofungua kabati. Ndani mlikuwa na droo nyingi ndogo, na watu wawili wenye miwani waliokuwa wakigonga kuta kwa vinyundo na kuandika.

"Hao ni nani?"

"Wakaguzi. Si ndugu zangu. Yeyote anayetaka kunikagua huingia. Wakikuta ufa wanautangaza, hata kama mimi naona aibu."

"Na nywila zenyewe?"

"Zimo, lakini mimi siwezi kuzisoma. Nywila ya kuzifumbua utakuwa nayo wewe. Ukiisahau, usije kunililia hapa. Mimi si mama yako mzazi."

"Na hayo masasisho?"

"Anayeleta apige hodi. Nilipoundwa nilipigwa muhuri wa ndege kiganjani. Nalinganisha na muhuri wake. Ukitofautiana hata kwa unywele, anarudi alikotoka. Ukilingana, bado nitakuonyesha kilichobadilika, ukisome kwanza."

"Chote?"

"Kwani una haraka?"

"Sina," alisema Mama Kidole, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Namba kumi na sita alikuwa daftari la jalada gumu, ambalo Sista alilipendelea. Lilijibu kwa uaminifu. Halikuwahi kusasishwa, wala halikuwa na mpango huo, na hakuna mtu wa mbali aliyeweza kulifikia. Hata hivyo lilikiri kwamba mtu wa karibu anaweza kulibeba kwapani, na kwamba kwenye kazi yake ya mwisho liliwahi kufunika birika la chai kutwa nzima, kurasa zikiwa wazi. Mama Kidole alilisindikiza hadi mlangoni.

"Ungelichukua hilo," Sista alisema. "Angalau tunafahamiana nalo."

"Ndiyo shida yenyewe, Sista. Linafahamiana na watu wengi mno."

Mwanamke wa gauni lisilo na mfuko alianza kazi Jumanne. Alipewa kiti kati ya kabati na dirisha. Jumatano alifika bwana mmoja mwenye suti, akapiga hodi kwa adabu, akatoa bahasha yenye sasisho. Mwanamke aliweka kiganja chake kando ya muhuri wa bahasha.

"Ndege wako ana kucha nne," alisema. "Wangu ana tatu. Safari njema."

Bwana yule alishukuru, akaichukua bahasha yake, akaenda ofisi ya jirani, ambako walimkaribisha kiti.

Alhamisi mdogo wake Mama Kidole alikuja kuchukua dawa.

"Limefungwa," Mama Kidole alimwambia.

Mdogo wake aliketi kwenye benchi, akamweka mtoto kifuani, akalala papo hapo. Tangu mwezi wa pili alikuwa hajapata usingizi wa kueleweka, na wagonjwa walimpisha.

Mwanamke yule alikuwa na kawaida moja ambayo hakuitaja kwenye usaili, kwa kuwa hakuulizwa. Kila asubuhi alimweleza karani faili gani limefunguliwa, saa ngapi, na kwa nywila ya nani. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Ijumaa asubuhi alisema kwamba faili la mdogo wake Mama Kidole lilifunguliwa jana saa tisa na dakika kumi alasiri, kwa nywila ya daktari mkuu.

"Yeye hatibiwi na daktari mkuu."

"Nywila ilikuwa sahihi," mwanamke alijibu. "Hata faili la muuza mikate alilifungua mara nne, siku mbili kabla babu hajasasishwa. Nimeyakuta kwenye kumbukumbu za babu. Alijua, ila hakuna aliyemuuliza."

Mama Kidole alikwenda ofisini kwa daktari mkuu, akasimama mbele ya meza.

"Daktari, umefungua faili la mdogo wangu."

"Kwa nywila yangu mwenyewe, Mama Kidole. Au nimevunja mlango?"

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Shangazi aliniuliza kama mkamwana wake anafaa kuachiwa mtoto. Ulitaka nimdanganye shangazi yangu?" Alimsogezea karatasi. "Tuache hayo. Nimewaandikia wakubwa kukusifia. Umetuchagulia mtunza nywila mzuri sana."

Mama Kidole aliisoma barua yote akiwa amesimama. Haikuwa na neno la uongo.

Jumatatu iliyofuata mdogo wake alikuja na mkoba wa dawa tu. Mama mkwe alibaki nje ya geti, mtoto amefungwa mgongoni kwake kwa kanga mbili. Mdogo wake alipokea vidonge, akavihesabu, akaketi benchini mikono ikiwa mapajani, kama mtu aliyeshikilia kitu kizito. Mtunza nywila alitoka masjala, akaketi karibu naye kwa muda wa robo saa, kisha akarudi kazini.

Hadi sasa hajakosea hata mara moja. Kila asubuhi humtajia Mama Kidole mafaili aliyofungua daktari mkuu, ambayo kwa kawaida ni sita, na Mama Kidole huyaandika, tarehe na saa. Mara tatu amepeleka orodha kwa wakubwa. Mara tatu amejibiwa kwa maandishi kwamba mfumo umekaguliwa na hakuna aliyeuvunja.

Wewe uliyesoma habari hii, usiiweke. Mpe mwingine aisome, umwombe aulize mahali anapotibiwa ni nani mwingine, mbali na anayemtibu, mwenye nywila halali ya faili lake.