Kopo la Kuonja

Renatha alikuwa amemdanganya msimamizi wake wa utafiti, Dk. Fulgence, kwamba mama yake anauza vitenge. Sasa bodaboda zimewashusha mtaa wa Mfaranyaki, mbele ya kilabu cha komoni, pombe ya nafaka, alichokichagua daktari mwenyewe, na mwanamke anayekoroga pipa la pombe ni Ludovika, mama yake.

"Shikamoo, mama," daktari akasema.

"Marahaba. Karibuni."

Renatha aliinamisha kichwa tu, bila kumwamkia. Ludovika alimngoja kidogo, kisha akafuta mikono. "Karibu nawe, binti," akasema, kama kwa mteja yeyote.

Daktari akaeleza kuwa wanatafuta hamira za pombe za kienyeji. Huko maabara huharibu jeni moja ndani ya hamira, kisha hutazama hamira hiyo inashindwa nini. Ikishindwa kula sukari, wanajua jeni ile ilihusika na kazi hiyo.

"Kwa hiyo mnaharibu ili mjue?"

"Ndiyo, mama. Moja moja."

"Makubwa! Haya, mtachota. Lakini kwanza mnywe, na kwangu mgeni hanywi kabla mtu wa nyumba hii hajaonja, aone haina sumu."

Renatha aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Alijua pia kwamba mama yake ana vidonda vya tumbo na amekatazwa pombe. Siku hizi huonja mama mdogo Oliva, naye leo yuko shambani.

Ludovika alichota kopo, akamtazama mwanawe. Renatha akainama, akajishughulisha na vichupa vyake.

Mama akameza funda. Uso ukamkunjamana, mkono ukaenda tumboni.

"Kali, eh?" daktari akacheka.

Ludovika akainua kopo tena, amalizie kuonja. Renatha akampokonya, akanywa.

"Renatha!" daktari akashangaa. "Si amesema aonje mtu wa nyumba hii?"

"Ndimi huyo." Masikio yalimwaka moto. "Huyu ni mama yangu, Daktari. Hajawahi kuuza vitenge."

Ludovika akamgeukia mgeni.

"Baba, na huyu mwanangu mlimharibu nini huko, hata akashindwa kuniamkia?"

Renatha akapiga goti kwenye tope la machicha ya pombe.

"Shikamoo, mama."

Ludovika alilichukua kopo, akalisuuza, akamchotea mgeni, akampa kwa mikono miwili. Renatha bado alikuwa chini, macho kwenye tope.

"Marahaba," mama akasema. "Inuka, unachafua sketi."