Kikombe cha Pili cha Bibi Despo

Usiku wa jana niliota ninachemsha kahawa ya Bibi Despo, kama ninavyofanya kila asubuhi tangu nije Kupro kumtunza. Vijiko viwili vya kahawa, maji, moto mdogo. Kisha vikombe viwili: kimoja chake, kingine cha Sherife, Mturuki aliyekuwa jirani yake kabla kisiwa hakijagawanywa kati ya Wagiriki, watu wa Bibi, na Waturuki. Cha Sherife hakinywewi. Kikipoa, ninakimwaga. Niliwahi kuuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, Sherife yuko wapi.

"Alihama," Bibi alijibu, akageukia dirishani.

Basi kahawa inaanza kufura. Kabla sijaiepua, askari anatoka kwenye bakuli la sukari. Amevaa buti. Anajipangusa sukari mabegani, kisha anachora mstari wa chaki katikati ya meza.

"Shikamoo," ninasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Mimi ni askari wa dhamana: nchi tatu zimedhamini usalama wa kisiwa hiki. Nimekuja mkae salama."

"Utakuwepo mpaka lini?"

"Mpaka mjisikie salama."

"Mimi nitajisikia salama ukiondoka."

Anaandika kwenye daftari: *Bado hajisikii salama.* Anapiga filimbi, na wenzake wanatoka kwenye oveni, kwenye droo ya vijiko, kwenye ndara za Bibi. Wa upande huu wanasema wanatulinda dhidi ya wale wa upande ule. Wale wa upande ule wanasema vivyo hivyo. Mwingereza mmoja amekuja na kiti chake mwenyewe. Anauliza kama kuna chai.

Ninampa chai. Ninapogeuka, meza imekuwa barabara, yenye seng'enge na magunia ya mchanga. Ng'ambo ya chaki kuna kikombe cha Sherife, kimefudikizwa, kikubwa kama nyumba.

Ndani yake mtu anagonga. Ngo, ngo, ngo.

"Kuna mtu humo," ninasema.

"Tunajua," anasema askari. "Tunamlinda."

"Mfungulieni, tafadhali."

"Kufungua kunahitaji wadhamini watatu."

Wadhamini wako hapohapo. Wa kwanza, Mgiriki, anasema atafungua baada ya wa pili. Wa pili, Mturuki, anasema atafungua baada ya wa kwanza. Wa tatu, Mwingereza, anapuliza chai yake.

Nyuma ya gunia amesimama Bibi Despo. Ni kijana, nywele nyeusi tii, na ngumi moja ameifumba kifuani.

"Bibi, waambie!"

"Alihama," anasema.

"Aliyehama hapigi hodi," kinasema kisufuria cha kahawa, huku kikifurika jikoni.

Ninataka kuvuka chaki. Ni chaki tu, ningeweza kuifuta kwa kanga. Lakini miguu yangu inaomba radhi kwa askari na kubaki palepale.

Ngo, ngo. Halafu, baada ya muda mrefu, ngo.

Halafu kimya.

Askari anafungua daftari. *Hali ni shwari,* anaandika, na wadhamini wote watatu wanatia saini bila kubishana.

Nikaamka nikiwa nimeng'ang'ania shuka. Kulikuwa kumekucha. Nyumba ilinukia kahawa, na mimi nilikuwa sijawasha jiko.

Jikoni, kikombe cha pili kilikuwa mezani, kimefudikizwa juu ya kisahani, kama wafanyavyo watu wa hapa wakishamaliza kunywa, ili bahati isomwe kwenye mashapo. Nikakiinua. Mashapo yalikuwa ya moto.

Bibi Despo alikuwa mlangoni na gauni lake la kulalia, miaka themanini na mitatu, ngumi moja kifuani. Alikitazama kile kikombe. Safari hii sikunyamaza.

"Bibi, Sherife alihama kwenda wapi?"

Akavuta kiti, lakini hakukaa.

"Hakuhama, mwanangu," akasema. "Aligonga mlango huu, siku ile ya bunduki. Aliniita kwa jina langu. Nilikuwa nimesimama hapahapa, ufunguo mkononi, mpaka alipoacha kugonga."