Supu ya Kitanda cha Tano

Fundi alikuwa amemshonea binti yake gauni la harusi, akabakiza pindo la chini tu. Hilo alizoea kulimalizia asubuhi ya harusi, bi harusi akiwa amesimama na viatu vyake. Sasa alikuwa amelazwa hospitali, kitanda cha tano, na safari ya kwenda kulimalizia ilitegemea namba moja. Chumvi katika damu yake ilikuwa imeshuka hadi akaanza kusahau majina ya watu, na daktari hakumung'unya maneno: "Mama, ikifika mia moja thelathini Ijumaa asubuhi, nenda. Isipofika, husafiri."

Fundi akatii. Maji vikombe vinne kwa siku, koo likauke lisikauke. Mchana na jioni, supu yenye kijiko kizima cha chumvi, kama daktari alivyoagiza, akiletewa na mdogo wake. Hata safari aliiandalia: vidonge vya kuzuia kutapika, kimoja saa moja kabla ya kuondoka, na kiti cha mbele, macho mbali barabarani. Alikuwa na sababu. Siku ya posa alitapika ndani ya gari la wakwe, lenye viti vyeupe, na hakuna aliyesahau.

Supu yenyewe ilikuwa chapwa.

"Ni ulimi wako, dada," mdogo wake alimwambia. "Ugonjwa umeua ladha."

Fundi akaamini. Utamwamini nani, kama si uliyembeba mgongoni?

Lakini namba iligoma kwenye mia moja ishirini na sita. Alhamisi daktari akavua miwani. "Mama, unakunywa maji kwa siri?" Mbele ya wodi nzima! Mtu mzima na wajukuu wake, anaulizwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Fundi alitamani kulia.

Mchana huo supu ilimshinda. Bibi wa kitanda cha pili, mgonjwa wa moyo aliyekatazwa chumvi, akanyoosha mkono.

"Usiguse, bibi, hiyo ina chumvi kijiko kizima."

Bibi alikwishachovya kidole. "Chumvi ipi? Mwezi wa tatu huu nakula chapwa. Chapwa naijua, mwanangu, na hii ndiyo yenyewe."

Fundi akamwomba muuguzi chembe ya chumvi, akaiweka ulimini. Ikamchoma. Ulimi ulikuwa mzima kabisa.

Jioni mdogo wake alipoweka bakuli, Fundi alimpa kijiko. "Onja."

Mdogo wake alikitazama kijiko, hakukipokea. "Si mimi, dada. Ni bi harusi mwanao aliyesema nisitie chumvi. Anaogopa utatapika tena mbele ya wakwe. Alisema hapa kuna madaktari, hutadhurika. Mimi nisimame mahali pako."

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii Fundi alikuwa ameishona mwenyewe. Mdogo mtu angeweza kumsamehe siku moja. Lakini mtoto aliyemzaa!

Simu ikalia. Alikuwa bi harusi.

"Mama! Namba imepanda?"

"Haijapanda."

"Pole, mama. Basi pumzika tu, usijisumbue." Sauti ilikuwa nyepesi, kama ya mtu aliyetua mzigo. "Gauni mpe mama mdogo alilete."

"Atalileta," Fundi alisema. "Pindo halijakunjwa. Nilikuwa nangoja usimame, nikupime. Huyo anayesimama mahali pangu, mwambie apige magoti alikunje."