Taazia ya Mzee Umejuaje

Pale gazetini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee Umejuaje, kwa sababu ndilo swali lililomtoka kila alipokabidhiwa habari ya sayansi. Umeandika popo ni kipofu? Umejuaje? Umeandika mizizi hii inaponya kisukari? Umejuaje? Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza huku amevua miwani, akiifuta kwa pindo la shati, kama mtu anayetaka kweli kufundishwa. Mwandishi alirudi kwenye simu kichwa chini, akapiga, na mara nyingi nusu ya habari yake ikafa palepale.

Aliuhariri ukurasa wa sayansi mpaka akastaafu. Alikuwa msomi hasa, ila usomi wake haukumpandisha mabega. Siku jua lilipopatwa, alibeba darubini hadi juu ya paa la ofisi, akaitega ili sura ya jua iangukie kwenye karatasi nyeupe. Walioitwa kwanza kutazama walikuwa mlinzi, wafagiaji na madereva. Mkurugenzi alipofika akaambiwa apange foleni. Watoto wa shule walimwandikia kuuliza kwa nini machozi yana chumvi, kwa nini kuku haruki mbali. Aliwajibu wote, na asipojua alisema hivyohivyo: sijui, ngoja niulize.

Alipofariki, kazi ya kuandika taazia ilimwangukia mwanamke aliyerithi meza yake, ambaye mzee alimfunza tangu akiwa mgeni wa kazi.

"Naitaka kabla ya saa kumi," mhariri mkuu alimwambia. "Simu ya mkewe unayo?"

"Ninayo."

"Basi mpigie."

Aliishika simu, akaiweka. Mtu yuko msibani, alijiambia, nitamsumbua vipi? Ukweli ni kwamba alikuwa akiogopa kusikia kilio. Akafungua gazeti la mwaka ambao mzee alistaafu, akakuta pale: mke, mtoto wa kiume, na binti anayesomea uhandisi. Tangu hapo hakuna wa ofisini aliyefika kwa mzee. Akapiga hesabu kichwani. Miaka imepita, binti bila shaka ni mhandisi sasa. Akaandika: "Ameacha mjane, mwana, na binti mhandisi ambaye ndiye hasa aliyerithi udadisi wa baba yake." Sentensi ilimpendeza. Aliisoma mara mbili.

Kesho yake akaenda msibani. Chini ya turubai, wenzake wa zamani na wa sasa walimpokea kwa sifa. "Umemtendea haki mzee wetu." "Kalamu hiyo, dada, Mungu aibariki!" Alijifanya kuzikataa, lakini kichwa kilivimba kidogo. Akaingia ndani kumpa pole mjane, aliyekuwa amekaa kwenye kochi na wifi yake, dada wa marehemu.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Ndiwe mwandishi?"

"Ndiye mimi."

"Keti."

Kabla hajaketi vizuri, akaingia jirani wa nyumba ya nyuma, aliyehamia mtaani si zamani, gazeti kwapani. "Mama, poleni. Na binti yetu mhandisi ameshawasili? Kama anahitaji wa kwenda kumpokea, gari langu lipo."

Wifi ndiye aliyejibu, sauti imekauka. "Binti alitangulia, jirani. Huu mwaka wa sita. Figo."

"Lakini gazeti…"

"Gazeti tumeliona. Tangu asubuhi tunaulizwa hivyohivyo."

Jirani akarudi kinyumenyume akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Mwandishi alisubiri mjane amuulize lile swali la mumewe. Hakuulizwa, na hilo likamchoma zaidi.

"Mama, ni kosa langu. Sikupiga simu."

"Simu yangu ilikuwa mkononi jana kutwa."

"Niliogopa kukusumbua."

"Umenisumbua," mjane alisema.

"Kesho tutasahihisha, mama."

"Kesho ni kesho. Wageni wanakuja leo." Alijipangusa uso kwa ncha ya khanga. "Chukua kiti ukae pale mlangoni. Akija mtu kuniulizia binti yangu, mjibu wewe. Mimi nilimzika mara moja, inatosha."

Akachukua kiti. Mgeni wa kwanza alimuuliza, na ikabidi aanze maneno yake mara mbili: binti alifariki, gazeti lilikosea, aliyekosea ni mimi. Kwa wa pili hayakuwa mepesi zaidi. Wengine walisema pole, wengine walimtazama tu wakapita. Wenzake chini ya turubai waliona, wakaacha kusifu.

Dereva mzee wa ofisi alimtania akiwa bado mbali. "Siku hizi umekuwa askari wa geti?" Alipoambiwa, akavua kofia. "Mzee angekuuliza swali lake."

"Najua."

"Basi mimi sikuulizi." Akaingia ndani.

Jioni alifika mtoto wa kiume wa marehemu, amechoka, viatu vimejaa vumbi la makaburini. Alikuwa ameisoma taazia. Akachuchumaa kando ya kiti.

"Dada hakuwa mhandisi," alisema, bila hasira. "Aliacha chuo mwaka wa pili. Alikuwa hapendi kabisa. Alitaka kushona, na sote tulidhani baba atamkaripia. Akaenda mwenyewe kumnunulia cherehani. Akasema afadhali fundi anayejua anachoshona kuliko mhandisi anayekisia."

Mkono wa mwandishi ulikwenda kwenye mkoba kutafuta kalamu, kwa mazoea tu. Akaurudisha haraka, lakini kijana alikuwa ameshauona.

Usiku huohuo waliandaa masahihisho. Mhariri mkuu alitaka iandikwe kwamba kulitokea hitilafu ya kiuhariri. Mwandishi akang'ang'ania iandikwe kuwa mwandishi hakuuliza familia. Walivutana, mkubwa akashinda. Lakini kabla ukurasa haujafungwa, mwandishi alimpigia mjane, akamsomea neno kwa neno.

"Ni sawa," mjane alisema. "Ila ongeza kwamba alikuwa fundi wa nguo."

"Nitaongeza, mama." Akavuta karatasi. "Alikuwa anashona nini hasa?"

"Sasa ndiyo unauliza," mjane alisema. Kisha akaanza kumweleza habari za sare za shule, na za magauni ya maharusi wasio na uwezo, ambayo mzee mwenyewe, miwani puani, alikuwa akiyashonea vifungo sebuleni. Mwandishi akaandika yote, akijua kuwa nafasi iliyobaki ukurasani inatosha mstari mmoja.